Simu mpya imefika kutoka Muscat, ya zamani ndiyo yenye kila kitu: nianzie wapi?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nauza vitenge hapa Mwanjelwa, Mbeya, na oda zangu karibu zote zinapita WhatsApp. Natumia Tecno, huu mwaka wa nne. Kioo kimepasuka na kila siku inaniambia nafasi imejaa. Kaka yangu aliyeko Muscat amenitumia Samsung mpya, lakini bado iko kwenye boksi, naiogopa. Fundi wa hapa anataka elfu thelathini ahamishe kila kitu, na niache simu zote mbili mpaka jioni. Gmail alinifungulia kijana wa dukani siku niliyonunua Tecno, neno la siri silijui. Nikihama, wateja wangu, M-Pesa na picha za marehemu baba vitapona? Hii ya zamani nataka kumpa mama kijijini.
Muuza vitenge, Mbeya

JIBU: Pole na hongera kwa pamoja, dada yangu. Vitapona vyote. Ila hilo uliloliandika katikati kama jambo dogo, Gmail ya kijana wa dukani, ndilo litakaloamua kama utahama kwa amani au kwa machozi. Naanza nalo. Wateja na M-Pesa watasubiri kidogo.

Ilivyokuwa siku ile naijua bila kuwepo, maana kuanzia Kariakoo mpaka huko kwenu mchezo ni uleule. Mteja amelipa, ana haraka, na simu haipakui programu bila akaunti. Kijana anaishika, anaandika jina lako na tarakimu zozote zilizomjia, mwaka wa kuzaliwa anabuni, neno la siri anaweka lile analowawekea wateja wote. Google ikiomba namba ya simu, ama anaruka ama anaweka yake. WhatsApp inafunguka, unashukuru, unaondoka. Tangu hapo simu inapeleka vitu vyako kwenye akaunti hiyo kimyakimya: majina ya wateja, huenda picha, huenda na nakala ya WhatsApp. Nyumba ni yako, ufunguo hujawahi kuushika.

Halafu kuna kufuli. Tangu Android 5.1 ya mwaka 2015 (Android ndio mfumo unaoendesha simu hizi), simu ikifutwa kwa nguvu kupitia vitufe vya pembeni huku akaunti ikiwa bado ndani, ikiwaka inadai akaunti ileile. Wanaolengwa ni wezi. Wanaofika mezani kwangu na simu za namna hiyo wengi ni kina mama waliorithi simu za watoto wao, na mtoto naye hakumbuki Gmail aliyoitumia. Ukiifuta Tecno ovyo utampelekea mama kioo kinachouliza swali lisilo na mtu wa kulijibu.

Kwa hiyo Samsung iache kwenye boksi siku moja zaidi, shika Tecno. Nachukulia menyu zako ziko kwa Kiingereza kama za wengi. Ingia Settings, shuka mpaka Google, utaona anwani ya Gmail juu kabisa. Iandike kwenye daftari la biashara, herufi kwa herufi, na nukta zake. Kisha fungua sehemu ya kusimamia akaunti, nenda Security, uangalie namba ya simu ya kurejeshea akaunti. Kama si yako, au hakuna kitu, weka yako. Google itakuomba neno la siri kabla ya kukuruhusu, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Usikate. Bonyeza pale pa kusema umelisahau. Kwa kuwa akaunti iko wazi kwenye simu hiyo tayari, mara nyingi Google hukuthibitisha kwa kutumia simu yenyewe: itataka ufungue kufuli la kioo, au itakuletea ujumbe wa kukubali. Ukipita, weka neno la siri jipya, nalo liende kwenye daftari. Fanya hivyo nyumbani au dukani kwako, kwenye mtandao unaoutumia siku zote. Google huitilia shaka simu ngeni iliyo mahali pageni, ndiyo maana nasema kazi hii ifanyike kwenye Tecno, wala usiisubirishe mpaka ukiwa na simu mpya mkononi.

Ikigoma kabisa, si mwisho wa safari. Fungua Gmail mpya kwa jina lako kamili na namba yako, kisha kwenye programu ya majina ya Tecno tafuta sehemu ya kutoa majina kama faili. Litatoka faili moja linaloishia na .vcf. Lirushe kwenye simu mpya, lifungue, uchague yahifadhiwe kwenye Gmail mpya. Umemaliza, na ile ya kijana itakufa taratibu. Ukiniuliza mimi, hata kama ya zamani itakubali kufunguka, akaunti yenye jina la ajabu na mwaka wa kuzaliwa wa kubuni ningeiacha njiani. Unayo biashara, unahitaji anwani unayoweza kumtajia mtu bila kuona aibu.

Ukiwa kwenye majina, angalia pia yamehifadhiwa wapi. Simu za aina hii hukuuliza kila unapoandika jina jipya: kwenye laini, kwenye simu au kwenye Google? Watu hubonyeza lolote. Laini hubeba majina mia mbili na kitu hivi, na jina likiwa refu hukatwa, ndiyo maana unakuta "Mama Asha Tundu" huku Tunduma yenyewe haipo. Ukitoa faili la .vcf, chagua yote, ya laini na ya simu.

Sasa WhatsApp, ambako ndiko kuliko na fedha yako. Swali la kwanza: unatumia ile ya kawaida au ya biashara, yenye alama ya B? Simu mpya iwekewe ileile. Wapo wanaotoka ya biashara wakaweka ya kawaida kwa kutojua, halafu wanashangaa wateja wamekwenda wapi.

Njia ziko mbili. Ya zamani ni kuhifadhi nakala kwenye Google Drive, ghala la Google la mtandaoni, na kuirudisha kwenye simu mpya. Inafanya kazi, lakini ina miba. Kuanzia mwaka 2024 nakala hiyo inahesabiwa ndani ya zile GB 15 za bure ambazo Google humpa kila mtu kwa barua pepe, picha na mafaili yake yote kwa pamoja, na mtu mwenye magrupu mengi anazijaza upesi. Inakula bando kupanda, inakula tena kushuka. Video huwa haziingizwi mpaka uruhusu mwenyewe. Na inategemea Gmail ileile tuliyoizungumza.

Kwa hali yako nakushauri njia ya pili, ya simu kwa simu, ambayo WhatsApp waliileta mwaka 2023. Haihitaji Gmail wala haipandishi kitu mtandaoni. Kwanza punguza mzigo: WhatsApp ya Tecno ina sehemu ya kusimamia hifadhi inayokuonyesha video kubwa na zile zilizosambazwa mara nyingi. Maua ya "asubuhi njema" na video za kamati ya send-off iliyokwisha mwaka juzi, futa bila huruma. Picha za vitenge na sauti za wateja ziache. Hakikisha simu zote mbili zina chaji ya kutosha, umeme upo, na umewasha Wi-Fi na Location, ile ya kuonyesha mahali ulipo, kwenye zote. Ziweke mezani zikiwa zimekaribiana. Kwenye Tecno fungua WhatsApp, vidoti vitatu, Settings, Chats, Transfer chats, ubonyeze kuanza. Ndipo uende Samsung, uweke WhatsApp, uandike namba yako ileile. Ujumbe wenye tarakimu sita utaingia kule laini iliko. Kama laini bado iko kwenye Tecno hakuna ubaya, soma ukaandike kwa mkono. Samsung itakuuliza kama unataka kuhamisha mazungumzo kutoka simu ya zamani. Kubali, itatokea ile michoro ya mraba yenye vidoti vyeusi, uisome kwa kamera ya Tecno. Kisha mikono mbali, usijibu mteja, usipokee simu. Muda unategemea mzigo.

Pale Samsung inapouliza kuhusu mazungumzo ya zamani usibonyeze kuruka. Swali hilo huja wakati wa kujiandikisha tu. Ukiruka, utaingia kwenye WhatsApp nyeupe isiyo na mtu, na itabidi uiondoe programu nzima uianze upya. Kama uliwahi kuweka namba ya siri ya hatua ya pili, ile inayoulizwa mara mojamoja, ikumbuke kabla hujaanza. Ukiisahau na hukuweka barua pepe, utasubiri siku 7.

Na WhatsApp ya Tecno usiiondoe siku hiyo. Iache ilale humo mpaka uwe umefungua mazungumzo ya wateja wakubwa watano au sita kwenye Samsung, ukapandisha juu mpaka mwaka jana, ukaona picha zinafunguka na sauti zinalia.

Picha za baba. Hizi ndizo ambazo zikipotea hakuna wa kukuuzia nyingine, kwa hiyo tuende polepole. Jua kwanza ziko wapi. Kama ziko kwenye memori kadi, chunguza jambo moja: je, kadi hiyo iliunganishwa na simu ikawa sehemu ya hifadhi ya ndani? Kuanzia Android 6 ya mwaka 2015 jambo hilo linawezekana, na vijana wa maduka hulifanya sana kwenye simu zenye nafasi ndogo. Kadi ya namna hiyo imefungwa kwa simu ile peke yake. Ukiichomoa ukaipachika kwenye Samsung itakuambia haisomeki na kukuomba ruhusa ya kuifuta. Ukikubali, basi. Picha za kadi hiyo zihame kadi ikiwa ndani ya Tecno. Tena Samsung kadhaa za sasa hazina nafasi ya kadi kabisa, na nyingine nafasi hiyo ni ileile ya laini ya pili, kwa hiyo chomoa ile trei uitazame kabla hujapanga mipango.

Kwa kuzihamisha, weka Smart Switch, programu ya Samsung ya kuhamishia vitu, kwenye Tecno kutoka Play Store. Kwenye Samsung huwa ipo tayari. Hiyo itabeba picha, majina, na meseji za kawaida, kwa waya au kwa Wi-Fi ya simu kwa simu. Mazungumzo ya WhatsApp usiyategemee humo. Meseji nimezitaja kwa makusudi: wewe ni mfanyabiashara, na zile za "umepokea Tsh kadhaa kutoka kwa fulani" ndizo risiti zako mteja akibisha. Haziko kwenye laini, ziko kwenye simu, na anayehama bila kuzibeba huachana nazo.

Kama picha zilikuwa zinapanda Google Photos, albamu ya Google ya mtandaoni, kuna mtego ambao sijui kwa nini hauandikwi kwa herufi kubwa. Watu wakishahama hurudi kwenye simu ya zamani kufuta picha ili kuisafisha. Wanafungua Google Photos, wanachagua zote, wanafuta. Akaunti ni moja, kwa hiyo zinafutika na kwenye simu mpya pia. Zinakaa kwenye pipa la taka kwa muda, kisha zinakwenda. Kwa hiyo kwenye Tecno usifute picha hata moja kwa njia hiyo. Itasafishwa kwa mkupuo mmoja mwishoni, nitakuambia namna.

Jaribio la kujua kama zimefika ni rahisi. Zima Tecno kabisa. Kwenye Samsung zima data na Wi-Fi. Fungua picha moja ya baba, ikuze mpaka uone vifungo vya koti. Ikiwa safi, ipo kwenye simu. Ikiwa na ukungu au ikikuambia haina mtandao, ulichonacho ni kivuli chake tu na picha yenyewe bado iko kwingine. Hata zikiwa safi, zile chache za thamani ziweke na mahali pa tatu: flashi, kompyuta ya shule jirani, au umrushie kaka huko Muscat. Ukizituma kwa WhatsApp tuma kama faili, si kama picha, maana WhatsApp huzibana zikapungua ubora.

M-Pesa haina hadithi ndefu. Fedha yako haiko kwenye simu wala haiko kwenye chipu ya laini. Iko kwenye mitambo ya kampuni, chini ya namba yako. Ukihamisha laini, piga *150*00# kama kawaida, weka namba yako ya siri ileile, salio utalikuta. Ukitumia programu yake utaingia upya na kupokea ujumbe wa uthibitisho. Programu za benki ni kali zaidi. Nyingi zimefungwa kwa simu moja, kwa hiyo utajisajili tena kwenye mpya, na benki nyingine zitakutaka ufike tawini. Fanya hivyo siku ambayo huna malipo ya mzigo. Laini ikiwa kubwa kuliko trei ya Samsung, usiruhusu mtu aikate kwa mkasi. Nenda duka la mtandao wako na namba ya NIDA, utaweka kidole, watakupa ndogo yenye namba ileile. Ukiwa huko, piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Watu hukuta wageni humo.

Nije kwa fundi. Elfu thelathini si wizi, muda wake una bei. Kinachonikera ni hilo la kuacha simu zote mbili, zikiwa zimefunguliwa kufuli, mpaka jioni. Simu yako iliyo wazi pamoja na laini yako ndiyo kila kitu mtu anachohitaji ili awe wewe: tarakimu sita za WhatsApp zinaingia humo, neno la siri la Gmail linabadilishwa humo. Sisemi huyo ni mwizi. Nasema kazi hii haihitaji bisibisi, na sehemu kubwa yake ni kusubiri. Ukiona huwezi peke yako, mlipe aje akae dukani kwako, wewe ukiwa unaona vioo vyote viwili. Na asikuulize namba ya siri ya M-Pesa kwa sababu yoyote, haihitajiki popote katika niliyoyaeleza.

Samsung yenyewe, ukiitoa kwenye boksi, piga *#06#. Itatoa namba ya IMEI, yaani kitambulisho cha simu yenyewe, yenye tarakimu 15, uilinganishe na iliyoandikwa kwenye boksi, kisha uitume kwa meseji kwenda 15090 uone kama inatambuliwa. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walizima simu bandia Juni 2016 na utaratibu huo haujaondoka. Mpigie kaka umuulize kama aliiwasha akaweka akaunti yake kuijaribu. Kama aliweka, mwombe aitoe mkiwa mnaongea, kabla hujaingiza chochote. Usishangae boksi likiwa na waya tu bila kichwa cha chaji, nyingi za siku hizi huja hivyo. Na atakayekuambia uichaji kwa muda wa saa nane kabla ya kuiwasha, mshukuru uendelee na shughuli zako. Hayo yalikuwa ya betri za zamani, hizi za lithiamu hazina habari nayo.

Siku mbili tatu za mwanzo itapata joto na chaji itashuka haraka. Inapakua masasisho na kupanga picha, itatulia. Kinachouma zaidi ni bando. Kabla ya kuwasha data, ingia Play Store uiambie isasishe programu kwa Wi-Fi tu, na Google Photos vilevile. Usipofanya hivyo, bando la wiki litaondoka usiku mmoja ukiwa umelala. Na usibebe programu zote za Tecno. Hasa zile za mikopo ya haraka, ambazo hupenda kusoma majina yako yote: kama hudaiwi, ziishie huko.

Tecno ikae nawe wiki mbili hivi kabla haijaenda kwa mama. Kila utakapokwama, "ile oda ya harusi ilikuwa wapi?", utaifungua. Zikipita siku kadhaa bila kuigusa, isafishe kwa mpangilio huu: toa laini na kadi, ingia Settings kwenye akaunti uondoe Gmail, kisha humohumo Settings chagua kufuta kila kitu. Isifutwe kwa vitufe vya pembeni. Ikiwaka upya isikudai akaunti yoyote. Mfungulie mama Gmail ya jina lake, namba ya kurejeshea iwe yako, na ongeza ukubwa wa maandishi. Kioo kibadilishwe kabla ya safari, vipande hukata vidole. Angalia na mgongo wa simu: ukiona kava la nyuma limeinuka au simu inayumba ikiwekwa mezani, betri imevimba, na hiyo usimpelekee mpaka iwekewe nyingine.